Alizaliwa Parokia Gani? Kumsaka Mhenga wa Kiskoti Katika Madaftari ya Kale

Waheshimiwa wazee, ndugu zangu mliofika, asanteni.

Nimeombwa nizungumzie kikwazo kinachowakwamisha wengi wanaofuatilia nasaba ya Kiskoti: mhenga ambaye kila karatasi inamzaa mahali pengine. Sensa moja inataja kijiji hiki, ya pili kijiji kile, jiwe la kaburi linasema "Scotland" basi, na shangazi anaapa kwamba ni Glasgow. Wengi wakifika hapo huchagua jibu linalowapendeza, au huhesabu ni mahali gani pametajwa mara nyingi zaidi wakapaandika. Njia zote mbili ni mbovu. Karatasi hazipigi kura. Moja iliyojazwa na mtu aliyejua, tena aliyekuwa na sababu ya kusema kweli, huzizidi tano zilizojazwa na mtu aliyekuwa akibahatisha.

Kwa hiyo kila waraka nitakaoutaja leo nitauuliza maswali mawili: nani alijibu, na kwa nini aliulizwa?

Mfano mmoja wa mtu maarufu, kisha tuingie kazini. Kapteni William Kidd alinyongwa London tarehe 23 Mei 1701 kwa uharamia. Watu wa Bahari ya Hindi tuna haki ya kumjua, maana mwaka 1697 alitia nanga Komoro, na mabaharia wake wengi wakafia huko kwa maradhi. Kwa muda mrefu vitabu vilisema alizaliwa Greenock, Uskoti, mtoto wa mchungaji. Lakini Kidd mwenyewe, akitoa ushahidi kwa kiapo mbele ya mahakama ya mambo ya bahari katika miaka ya 1690, alisema kwao ni Dundee, mji mwingine wa huko. Greenock ilirudiwa na vitabu vingi, Dundee ilitoka kinywani mwake chini ya kiapo. Mnaona wenyewe mizani inalalia wapi.

Sasa, mhenga wenu. Msianze na ubatizo. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote: mtu ana jina John McDonald na mwaka wa kukisia, anafungua faharasa ya ubatizo, anakuta akina John McDonald tele, anachukua aliye karibu na Glasgow. Baada ya hapo kila kitu anachojenga juu yake ni ukoo wa watu wengine. Anzeni na kifo mrudi nyuma, kwa sababu mnachokihitaji kabla ya mahali ni majina ya wazazi wote wawili, na hasa jina la ukoo la mama kabla hajaolewa.

Uskoti ilianza usajili wa lazima wa vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Januari 1855. Uingereza, yaani England, ilitangulia, mwaka 1837, lakini cheti cha Uskoti kina utajiri ambao cha Uingereza hakina. Cheti cha kifo cha Kiskoti kinataja baba na kazi yake, na mama pamoja na jina lake la ukoo. Mwanamke wa Kiskoti hakupoteza jina la kwao katika nyaraka. Hata mjane wa miaka themanini hutafutwa kwa jina la kwao na la mumewe, na mawe mengi ya makaburi humtaja kwa jina la kwao.

Lakini nani alijibu? Marehemu hajibu. Angalieni mwisho wa safu, penye jina la mtoa taarifa na uhusiano wake. Ikiwa ni mjane, huenda alimjua mama mkwe. Ikiwa ni mkwe au jirani, au msimamizi wa hospitali, jina la mama linaweza kuwa la kubuni, au limechanganywa na la bibi. Cheti cha ndoa ni bora zaidi kwa jambo hili: bwana na bibi harusi walitaja wazazi wao wenyewe, na mara nyingi wazazi hao walikuwa bado hai. Cheti cha ndoa na cha kifo vikigombana juu ya jina la mama, mimi huanza na cha ndoa. Angalieni pia pembeni mwa ukurasa: pakiwa na rejea ya daftari la masahihisho, lifungueni. Humo ndimo hukumu za mahakama kuhusu baba wa mtoto wa nje ya ndoa zilimoandikwa.

Kuna mwaka mmoja ambao kila mtafutaji anapaswa kuukariri, nao ni 1855 wenyewe. Mwaka huo wa kwanza fomu zilikuwa ndefu kupita kiasi. Cheti cha kuzaliwa cha 1855 kinataja umri na mahali walipozaliwa baba na mama, walifunga ndoa lini na wapi, na watoto wao wengine wangapi. Cheti cha kifo cha mwaka huo kinataja marehemu alizaliwa wapi na amekaa wilayani muda gani. Makarani walielemewa, na kuanzia 1856 maswali mengi yakafutwa. Tarehe na mahali pa ndoa ya wazazi vilirudishwa kwenye vyeti vya kuzaliwa mwaka 1861, lakini mahali walipozaliwa wazazi hapakurudi. Kwa hiyo swali si tu "babu yangu alipata mtoto 1855?" Ulizeni: kuna dada yake, kaka yake, hata mama yake, aliyezaa, aliyeoa au aliyefariki ndani ya miezi hiyo kumi na miwili? Dada aliyejifungua Machi 1855 anaweza kuwapa kijiji ambacho kaka yake hakukitaja maisha yake yote.

Twende kwenye sensa. Tunazo kila baada ya miaka kumi kuanzia 1841, na zinafunguliwa baada ya miaka mia. Ya karibuni zaidi iliyofunguliwa ni ya 1921. Ya 1841 ilifanyika 6 Juni, nayo ni bahili: mtu mzima wa zaidi ya miaka 15 umri wake ulipaswa kushushwa hadi kwenye tano iliyo chini, kwa hiyo aliyeandikwa 25 anaweza kuwa na 25 hadi 29. Kuhusu kuzaliwa iliuliza tu: je, alizaliwa ndani ya kaunti hii? Ndiyo au hapana, pamoja na alama ya waliozaliwa Uingereza, Ireland au nchi za nje. Kuanzia 1851 waliozaliwa Uskoti walitajiwa parokia na kaunti. Parokia hapa msiielewe kama kanisa peke yake. Ilikuwa pia eneo la utawala, lenye mipaka yake kwenye ramani.

Kumbukeni tunachokisoma si karatasi aliyoijaza mwenye kaya. Karani wa sensa alikusanya karatasi za kaya, akazinakili kwenye daftari lake, na hilo daftari ndilo lililobaki. Kwa hiyo kuna makosa ya aina mbili: la aliyesema, na la aliyenakili. Alama ya "ditto", yaani "kama hapo juu", iliyoteremka mstari mmoja zaidi imewahamisha watoto wengi kaunti.

Na aliyesema ni nani? Mara nyingi mkuu wa kaya. Mhenga akiwa mkuu wa kaya, jibu ni lake au la mkewe. Akiwa mpangaji, mwenye nyumba ndiye aliyejaza, naye alijua nini? Akiwa mtumishi wa shambani, bwana wake alijaza. Umri wa mviringo, 50 au 60, ni dalili ya mtu aliyekisia, na aliyekisia umri huenda amekisia na mahali.

Natumia mtu wa kubuni tuone kazi yenyewe. Ni mfanyakazi wa kiwanda cha juti Dundee. Mwaka 1841 ana 25, na swali la kaunti limejibiwa ndiyo. Mwaka 1851 ana 38, amezaliwa Coupar Angus, Perthshire. Mwaka 1861 ana 47, amezaliwa Kettins, Forfarshire. Mwaka 1871 ni mpangaji, ana 60, amezaliwa Blairgowrie, Perthshire. Mwaka 1881 anaishi na bintiye, ana 68, amezaliwa Coupar Angus, Forfarshire.

Umri kwanza. Kwa tarehe ya kila sensa, 1851 inamweka kati ya Machi 1812 na Machi 1813. Ile ya 1861 inampeleka kati ya Aprili 1813 na Aprili 1814, ya 1871 inamrudisha hadi 1810 au 1811, na ya 1881 inamleta tena 1812 au 1813. Ya 1871 ndiyo ya mpangaji mwenye umri wa mviringo, iwekeni kando. Tunaye mtu wa 1812 au 1813, na tutatafuta kuanzia 1807 hadi 1818, kwa sababu miaka mitano kila upande ndiyo kawaida ya kosa.

Sasa mahali. Ukisoma haraka utaona vijiji vitatu na kaunti mbili. Fungueni ramani. Maktaba ya Taifa ya Uskoti imeweka mtandaoni, bure, ramani za kale za inchi sita kwa maili, zilizopimwa kuanzia miaka ya 1840, ambazo zinaonyesha hadi shamba moja moja. Mtaona Kettins iko karibu sana na Coupar Angus, na Blairgowrie si mbali upande wa kaskazini. Mtu aliyezaliwa shambani Kettins, akiulizwa na mgeni mjini Dundee, hutaja mji ambao mgeni anaujua. Na kaunti? Coupar Angus ilikuwa imepasuliwa na mpaka, sehemu kubwa Perthshire na sehemu Forfarshire. Kettins ilihesabiwa Forfarshire hadi mipaka ilipopangwa upya mwaka 1891, ikahamishiwa Perthshire. Majibu yake basi hayagombani hata kidogo. Yote yanazunguka eneo ambalo mtu hulimaliza kwa miguu asubuhi moja. Na lile "ndiyo" la 1841, ambalo wengi hulidharau kwa kuwa halina jina la kijiji, ndilo linalotuvuta upande wa Forfarshire.

Mtego huu wa mipaka uko kila mahali. Culross na Tulliallan zilikuwa Perthshire, na tangu 1891 ni Fife. Kaunti zenyewe zina majina mawili mawili: Forfarshire ndiyo Angus, Elginshire ndiyo Moray, Haddingtonshire ndiyo East Lothian, Linlithgowshire ndiyo West Lothian, Edinburghshire ndiyo Midlothian. Majina ya parokia nayo yanarudiwa: Kirkmichael iko Ayrshire, Dumfriesshire, Banffshire na Perthshire. Na miji mikubwa ya viwanda mara nyingi si parokia: aliyesema Airdrie atafutwe New Monkland, aliyesema Coatbridge atafutwe Old Monkland.

Kuna dalili moja ndogo ninayoipenda. Tangu 1881 sensa ya Uskoti iliuliza kuhusu Kigaeli, lugha ya kale ya nyanda za juu na visiwa vya Uskoti, na kuanzia 1891 safu yake inaonyesha anayesema Kigaeli tu na anayesema lugha zote mbili. Mzee aliyeandikwa "Glasgow" lakini anasema Kigaeli hajathibitishwa kuwa mtu wa nyanda za juu, maana Glasgow ilijaa familia za Wagaeli. Lakini ni sababu tosha ya kutazama Argyll, Inverness na visiwani kabla ya kumaliza pesa kwenye madaftari ya jiji.

Kwa nini watu wenyewe walitofautiana juu ya walikozaliwa? Si uongo kila mara. Vibarua wa mashamba waliajiriwa kwa mihula, miezi sita kwa wasio na ndoa na kwa kawaida mwaka kwa wenye familia, mihula ikianza Mei na Novemba. Mwajiri asipoongeza mkataba, familia ilipakia vitu kwenye mkokoteni ikahamia shamba jingine, mara nyingi parokia jingine. Watoto sita wa kibarua mmoja wanaweza kuzaliwa parokia tano, na wa nne akadhani alizaliwa alikokulia. Zaidi ya hapo, mke mwenye mimba ya kwanza mara nyingi alikwenda kujifungulia kwao, jambo ambalo hapa sihitaji kumweleza mtu. Kwa hiyo mtoto wa kwanza mtafuteni kwanza parokia ya bibi mzaa mama.

Sasa ndipo tunafungua madaftari ya parokia ya Kanisa la Uskoti, yanayokoma mwisho wa 1854. La kale kuliko yote ni la Errol, Perthshire, la mwaka 1553. Lakini msitarajie hivyo kote: parokia nyingi za nyanda za juu na visiwani zinaanza mwishoni mwa karne ya 18 au hata baada ya 1800, na katikati ya madaftari kuna mapengo. Mwaka 1872 ilichapishwa orodha inayoonyesha kila parokia lina madaftari ya miaka gani na pengo liko wapi. Itazameni kabla ya kusema "hakubatizwa". Huwezi kumkosa mtu katika kitabu ambacho hakipo.

Faharasa ziko kwenye tovuti ya serikali, ScotlandsPeople. Kutafuta ni bure ukijisajili, kufungua picha ya ukurasa kunalipiwa. Tumieni nyota badala ya herufi, kwa mfano M*Don*ld, maana Mac, Mc na M' ni kitu kimoja kwa karani. Majina ya kwanza nayo hubadilishana: Peter na Patrick, Donald na Daniel, Janet na Jessie, Euphemia na Effie, Angus na Aeneas. Jambo ambalo wengi hawalifanyi ni kuacha jina la mtoto wazi kabisa na kutafuta kwa majina ya wazazi wawili pekee, nchi nzima, miaka ishirini. Hapo ndugu zake wanajitokeza mmoja mmoja, na mnaona familia ikitembea kutoka parokia hadi parokia. Hata mhenga mwenyewe asipoonekana, atakuwa kati ya ndugu wawili, na mahali walipo hao wawili ndipo pa kuchimba.

Ukipata jina kwenye faharasa, lipia picha. Faharasa haitaji shamba, kazi ya baba wala mashahidi, na mashahidi kwa kawaida walikuwa ndugu. Lakini someni kwa uangalifu: maneno "wa parokia hii" katika tangazo la ndoa ni mahali mtu alipokuwa akiishi, si alikozaliwa. Tangazo lilisomwa kwenye parokia za pande zote mbili, kwa hiyo kukuta ndoa moja mara mbili kusiwatishe. Na majina ya watoto yana utaratibu wa kimila: mtoto wa kiume wa kwanza huitwa babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, wa kike wa kwanza bibi mzaa mama, wa pili bibi mzaa baba. Ni dalili tu. Nimeona miti ya ukoo iliyosimama juu ya utaratibu huu peke yake, nayo siiamini.

Na wale wasiomo? Kuandikisha ubatizo hakukuwa lazima. Kuanzia 1783 hadi 1794 serikali ilitoza peni tatu kwa kila jina linaloandikwa, maskini pekee wakisamehewa, na familia nyingi zikaona heri kubaki na peni zao. Wengine walikuwa madhehebu mengine: makundi yaliyojitenga na Kanisa la Uskoti tangu 1733, Waepiskopali, Wakatoliki, na baada ya mgawanyiko wa 1843, ambapo wachungaji zaidi ya 450 walitoka wakaunda Kanisa Huru, mamia ya makanisa yenye madaftari yao. Baada ya 1855 lilifunguliwa pia daftari la waliosahauliwa, kwa waliozaliwa kati ya 1801 na 1854 bila kuandikwa, wenye ushahidi. Ni dogo, lakini kulitazama hakuchukui muda.

Nikifika hapa huwa watu wamechoka, na ndipo penye nyaraka ninazoziamini zaidi.

Ya kwanza ni mihutasari ya mabaraza ya wazee wa kanisa. Inasomeka kwenye tovuti ile ile, picha kwa picha, bure, ila mingi haina faharasa ya majina, kwa hiyo tengeni jioni kadhaa. Humo mna barua za utambulisho: mtu akihama parokia alipaswa kubeba barua kutoka anakotoka, na mahali alipofika wakaandika "amepokelewa, na barua kutoka parokia fulani". Mna pia kesi za uzinzi. Msichana aliyejifungua bila ndoa aliitwa mbele ya wazee akaulizwa baba ni nani, na mtoto alizaliwa wapi, kwa sababu malezi ya mtoto yangeweza kuangukia parokia. Hapo swali liliulizwa kwa ukali na jibu likachunguzwa.

Ya pili, na kwangu ndiyo kilele, ni maombi ya msaada wa maskini. Sheria ya 1845 iliunda bodi za parokia na wakaguzi wa maskini. Aliyeomba msaada alihudumiwa na parokia aliyokaa mfululizo miaka mitano akijitegemea. Asipokuwa na sifa hiyo, na mume au baba hakumpa sifa yake, mzigo ulirudi kwa parokia alikozaliwa. Tafakarini maana yake. Mkaguzi wa Glasgow akiambiwa "nilizaliwa Kilmallie", aliandika barua Kilmallie akidai pesa zake. Kilmallie nayo haikutaka kulipa, ikachunguza. Mahali pa kuzaliwa palipimwa na pande mbili, kila upande ukiogopa gharama. Sensa haikuwahi kufanyiwa hivyo. Fomu hutaja umri, mahali pa kuzaliwa, wazazi, mwenzi, watoto, dini na anwani alizokaa kabla. Mkusanyiko mkubwa wa Glasgow, unaoanza 1851, uko kwenye Maktaba ya Mitchell katika hifadhi ya nyaraka ya jiji. Kwingine umebaki vipande, ulizeni hifadhi ya kaunti.

Hata hapa lakini, sababu ya swali inaweza kumgeuza mjibuji. Maskini mzaliwa wa Ireland asiye na sifa ya ukaaji aliweza kurudishwa kwa meli kwao. Akisema alizaliwa Uskoti, mjueni alikuwa na sababu. Ndiyo maana maelezo ya pembeni ya mkaguzi, "imethibitishwa" au "wanakana", yana thamani kuliko jibu lenyewe. Madaftari ya magereza pia yalitaja mahali pa kuzaliwa, na ya kuachishwa jeshi, yaliyoko katika hifadhi ya taifa ya nyaraka, Kew, London, hutaja parokia ya askari. Askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia ana bahati mbaya: sehemu kubwa ya mafaili iliungua kwa bomu mwaka 1940.

Kwa wale ambao Mskoti wao aliishia huku kwetu Afrika Mashariki, awe wa misheni ya Kanisa la Uskoti Kikuyu, wa reli au wa kampuni ya biashara ya William Mackinnon, mzaliwa wa Campbeltown, ujanja ni kumfuata kupitia kazi yake. Mafaili ya wamisionari wa Kanisa la Uskoti yako kwenye Maktaba ya Taifa, Edinburgh. Gazeti rasmi la serikali ya Kenya lilichapisha matangazo ya mirathi. Akiwa aliacha mali Uskoti, orodha ya mirathi ya kila mwaka, inayoanza 1876, itataja alikofia na mara nyingi nani alisimamia mali, na msimamizi huyo mara nyingi ni kaka aliyebaki kijijini. Watoto aliowazaa na mama Mwafrika mara nyingi hawamo katika karatasi yoyote ya upande wa baba. Kwao kipimo cha vinasaba kinasaidia, ila mjue kinawapa binamu, hakiwapi parokia. Parokia mtaitoa kwenye karatasi za huyo binamu. Aliyehamia Australia mna bahati naye: vyeti vya kifo vya Victoria, tangu 1853, na vya New South Wales, tangu 1856, hutaja wazazi na mahali pa kuzaliwa.

Turudi kwa mtu wetu wa Dundee tumalize. Cheti chake cha kifo kimetupa wazazi, cha ndoa kimethibitisha. Tumetafuta kwa majina ya wazazi tukapata dada yake, na dada huyo alijifungua mwaka 1855. Cheti cha mtoto kinasema mama alizaliwa Kettins. Tukifungua daftari la Kettins, tuseme tunakuta wavulana wawili wa jina moja, mmoja Novemba 1812 na mwingine Juni 1813, baba zao pia wana jina moja, na karani wa miaka hiyo hakuandika mama. Hapa ndipo watu huchagua aliye karibu na tarehe. Msichague. Mfuateni kila mmoja mbele, hadi kaburini. Wa Juni 1813 tunamkuta 1851 ni mkulima parokia ya jirani, na cheti chake cha kifo cha 1870 kina mama mwingine. Basi huyo si wetu. Wa Novemba anabaki, na shamba lililotajwa kwenye ubatizo wake ndilo lililotajwa kwenye ubatizo wa dada. Kama yule wa pili angetoweka bila kaburi wala sensa, tungeandika wote wawili na kuacha wazi, maana aliyefariki utotoni kabla ya 1855 mara nyingi hakuandikwa popote.

Kwenye mti wa ukoo andikeni basi: "Kettins, iliyokuwa Forfarshire, kwa ubatizo wa Novemba 1812 na cheti cha kuzaliwa cha mpwa, 1855." Maneno ya kila sensa yawekwe chini yake jinsi yalivyo, hata yanayopingana, pamoja na nani alijibu. Msiyasahihishe. Atakayekuja baada yenu na daftari ambalo ninyi hamkulipata atayahitaji yalivyo.

Asanteni kwa kunisikiliza. Wenye vyeti na picha za sensa wavilete hapa mezani, tuvisome pamoja.